Mitamba Watatu kwa Shahada Moja

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi kaka yangu alianza kukata migomba ya dada yetu. Nina hakika na dakika kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha nyumba ya dada, Kitahana, simu mkononi, nikipanga safari: dakika kumi za kufunga mzigo kwenye pikipiki, saa tatu njiani, tuwe Kasulu kabla ya saa nne, usaili saa tano. Ndani, mpwa wangu alikuwa akinyoosha shati kwa pasi ya mkaa. Nikasikia panga likiingia kwenye mgomba. Haifanani na sauti ya kukata mti. Ina umajimaji ndani yake, kama kukata nyama. Mgomba wa kwanza ulilala chini pamoja na mkungu wake mchanga. Ukafuata wa pili.

"Kaka!" dada aliita kutoka jikoni. "Unakata chakula changu?"

"Nakata changu," alijibu bila kupaza sauti. "Kila kilichopo hapa ni changu mpaka ndama wapatikane."

Nyuma yake alisimama mwanawe wa kwanza, kijana mwenye mabega ya kubeba magunia, fimbo nene mkononi na kamba mbili begani. Kamba zile zilikuwa za kufungia mbuzi wa dada. Nilielewa mara moja wamekuja kufanya nini, na nilielewa pia kwamba mwanzo wa jambo lile nilikuwa mimi.

Miaka saba kabla ya asubuhi ile, mpwa wangu alichaguliwa chuo kikuu kusoma jiolojia ya maji. Baba yake alikuwa amekufa, na mama yake, dada yetu, alikuwa amerudi kwao. Mkopo wa serikali alioupata ulifika nusu ya ada. Mwenye ng'ombe katika familia yetu ni kaka. Mimi nina spana, na nilizipata kwa shida: niliishia darasa la saba, nikaenda kuwa kibarua wa kubeba mabomba Mtabila wakati kambi ya wakimbizi ilipokuwepo, na huko nikaanza kusoma vitabu vya pampu vilivyoachwa na mafundi, kurasa mbili kila jioni, kamusi pembeni. Nilichokijua nilikipata hivyo. Kwa hiyo nilikuwa na heshima kubwa mno kwa elimu ya darasani, heshima ya mtu aliyeiangalia kupitia dirisha.

Nilimwendea kaka na daftari. Nilikuwa nimeandika mshahara wa ofisa wa maji, miaka ya kazi, faida. Alilitazama daftari kama mtu anavyotazama kinyesi cha mnyama asiyemfahamu. Ndipo nikafanya kosa langu. Niliacha hesabu, nikamwomba kwa njia ya wazee, ile ambayo kwa Kiha tunaita ubugabire. Anayeomba ng'ombe huleta pombe. Mwenye ng'ombe humkabidhi kamba mbele ya watu. Tangu siku hiyo aliyepewa ni mtu wake, humtumikia, na ng'ombe akizaa, ndama hurudi. Akikosa, mwenye ng'ombe huja kumnyaga: huchukua kila alichonacho, hata sufuria. Aliyempeleka mwombaji hunywa kwanza kwenye mtungi, kwa mrija, na kuwaambia watu kwamba anamfahamu mtu huyu, yaani anamdhamini.

Tulipeleka mitungi minne ya pombe ya ndizi. Nilikunywa wa kwanza. Nilisema, "Namfahamu mtu huyu." Mpwa wangu alishika kamba za mitamba watatu, na kesho yake tukawauza mnadani. Mimi niliona ule ni utaratibu wa kumlainisha mzee. Kaka aliona amegawa ng'ombe. Ndugu wote waliokaa kwenye mtungi ule waliona kama yeye, nami, mpenda vitabu, nilikuwa mtu pekee pale asiyejua alichokifanya.

Kijana alisoma miaka minne, akafaulu vizuri. Akakaa miaka mitatu bila kazi. Kila tangazo lilitaka uzoefu, na hapakuwa na mahali pa kuuanzia. Alilima maharage ya mama yake, akabeba abiria kwa pikipiki ya kukodi hadi mwenye nayo akamnyang'anya. Kila mwaka, baada ya mavuno, kaka aliuliza mara moja tu, akimaanisha kijana: "Mtamba wangu bado tasa?" Asubuhi ile hakuwa amekuja kuuliza.

"Kaka, sikiliza," nilimwambia nikishuka kizingiti. "Leo ana usaili. Shirika linalochimba visima kambini Nyarugusu linatafuta mtu wa maji. Tukichelewa, tumepoteza."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo. Akipata kazi atakwenda, na akienda nitamwona wapi? Mtoto wa jirani alipata kazi Dar, hata msiba wa babu yake alituma hela kwenye simu." Alifuta panga kwenye suruali. "Nipe ile karatasi. Ikae kwangu. Ndama wakija, ataichukua."

"Cheti ndicho kinachotakiwa huko anakokwenda."

"Profesa wa mabomba," aliniita kwa jina alilozoea kunibandika. "Kama hakikuwa na kazi miaka mitatu, leo kitakuwa na kazi gani?"

Swali lile nilikuwa nimejiuliza mwenyewe kwa miaka mitatu. Nakiri hilo kwanza kabla ya kusimulia yaliyofuata, kwa sababu mtu mwenye jibu huenda asingefanya nilichofanya.

Mpwa wangu alitoka, shati limenyooka, bahasha ya kaki kifuani. Binamu yake akamzibia njia.

"Oya msomi, toa hiyo."

"Sitoi."

"Toa, bwana. Tangu nazaliwa nachunga ng'ombe wa baba, wewe umekula watatu kwa mkupuo, tena kwa kalamu. Toa!"

"Waulize waliokula. Waliokula ni chuo."

"Basi chuo kije kukutetea."

Alinyoosha mkono kuinyakua bahasha. Mpwa wangu akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Fimbo ilishuka mara moja juu ya mikono ile. Nilisikia mfupa. Wanaofanya kazi ya vyuma wanajua tofauti kati ya kitu kilichopinda na kitu kilichokatika, na ile ilikuwa sauti ya kukatika. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikaa upande, lakini bahasha haikuanguka. Fimbo ikapanda tena, ikashuka kwenye shingo, kisha mgongoni, na shati lile jeupe likapasuka na kuchora mstari mwekundu.

Dada alitoka jikoni na sufuria ya uji. Hakupiga kelele hata kidogo. Alimmwagia mtoto wa kaka uji wote kuanzia sikio hadi bega. Yule kijana alilia kama mbuzi, akaacha fimbo, akajitupa kwenye majani ya migomba iliyokatwa, akijipangusa, na ngozi ikimtoka pamoja na uji.

Kaka akageuka kumwelekea dada, panga bado mkononi. Sijui alikusudia nini. Nimejiuliza mara nyingi, na nikiwa mkweli naweza kusema tu kwamba panga lilikuwa juu ya kiuno chake na macho yake yalikuwa kwa dada. Mfuko wa vifaa ulikuwa tayari umefungwa kwenye pikipiki. Nilichomoa spana ya bomba, ile ndefu, ya kilo tatu na zaidi, nikampiga kaka yangu mkubwa kwenye mfupa wa bega. Ni mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa mdogo. Alianguka kwa magoti, kisha ubavu. Panga lilidondoka mbali. Nilinyanyua spana tena. Hilo pia lazima niliandike: niliinyanyua tena, na nilitaka kushusha, na utamu wa kutaka kule niliusikia mdomoni. Mpwa wangu ndiye aliyeniita.

"Mjomba! Muda!"

Nilitazama simu. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Yote yalichukua dakika kumi na nne.

Kaka alilala akinitazama. "Ulikunywa kwenye mtungi," aliniambia. "Wewe. Ulikunywa wa kwanza."

Dada alituambia tuondoke. Alikuwa ameokota panga, amekaa juu ya gogo kati ya kaka na mlango wa nyumba yake, panga limelala mapajani. "Nendeni. Huyu nitampeleka hospitali mwenyewe, na yule. Nani mwingine atawapeleka? Mimi ndiye niliyebaki na akili."

Nilikata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi nikafunga kidole kilichovunjika pamoja na jirani yake, na kijiti cha mwanzi katikati. Akavaa koti langu juu ya shati lililochanika. Tuliondoka saa moja kasoro dakika tano. Barabara ya lami siku hizi ni nzuri. Karibu na Makere tukasimama kutia mafuta. Kijana alikuwa amepauka midomo.

"Rudia sheria ya mtiririko wa maji kwenye mchanga," nilimwambia. Sikujua namna nyingine ya kumfariji.

Aliirudia, neno kwa neno, na mlinganyo wake, akiwa ameuinua mkono kama anayeapa. Muuza mafuta alidhani anasali, akavua kofia.

Usaili ulifanyika pembezoni mwa Kasulu, kwenye banda la karakana lililo wazi pande tatu. Hakuna aliyenizuia kusimama kwenye kivuli nje, kama hatua kumi hivi. Waombaji walikuwa wanne. Mezani walikaa mama mmoja mwenye miwani, kijana mwenye kompyuta, na msimamizi wa mafundi wa kambini, mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa makamo kama mimi, mikono yake imekauka kwa grisi.

Mama mwenye miwani aliuliza kwa nini kisima chenye maji mengi mwezi wa nne hutoa matope mwezi wa tisa. Waombaji wengine walisema ukame. Mpwa wangu alichukua chaki kwa mkono wa kushoto, akachora kwenye sakafu ya saruji: tabaka la mchanga, tabaka la udongo wa mfinyanzi, kichujio kilichowekwa mahali pasipo pake, maji yanavyovutwa na kuburuta udongo. Alieleza taratibu. Yule mama alivua miwani. Kijana wa kompyuta aliacha kuandika, akasogea kuitazama sakafu. Mimi nje nilijikuta nimefumba ngumi kwa furaha, ngumi ileile iliyoshika spana asubuhi. Hayo yote nilikuwa nimeyahisi kwa miaka ishirini nikiwa mashimoni bila kuwa na maneno yake. Nilidhani tumepata.

Ndipo msimamizi akaweka juu ya benchi vipande viwili vya fimbo za chuma za pampu ya mkono, vimeunganishwa, na spana mbili pembeni. "Tenganisha," alisema. "Dakika mbili."

Mpwa wangu aliitazama mikono yake. Akachukua spana moja. Akaikaza kwenye nati, akavuta. Fimbo yote ikazunguka. Akabadilisha upande, akavuta tena. Ikazunguka yote. Fimbo hutenganishwa kwa spana mbili: moja inashika, nyingine inafungua. Ni kitu cha kwanza kibarua anachofundishwa, siku ya kwanza, kabla hata ya kuambiwa choo kiko wapi. Nilisimama hatua kumi kutoka pale, na mikono yangu ilikuwa inajigeuza yenyewe hewani, wa kushoto ukishika, wa kulia ukifungua. Spana ya pili ilikuwa karibu na kiwiko chake. Hakuiona. Dakika mbili zikaisha, na damu ilikuwa imepenya kwenye ukanda wa mpira na kudondokea benchi.

Baada yake aliitwa kijana wa Rungwe Mpya, aliyesoma chuo cha ufundi mwaka mmoja. Alizitenganisha kwa muda wa kupiga chafya.

Msimamizi alitoka nje kuvuta sigara, akanikuta. Nilimweleza mimi ni fundi, huyo ni mpwa wangu, kidole kimevunjika leo asubuhi, wamfikirie.

"Kidole niliona," alisema. "Papa, mtoto ile iko na akili mingi sana. Diplome iko muzuri, sikatae. Lakini pompe haijuake kusoma. Mukono yake hauyashikaka pompe hata siku moja. Ni nani alimulea?"

"Mimi."

Alinitazama mikono, akaona grisi ya miaka ishirini kwenye kucha. Alinipa sigara, nami sivuti, nikaipokea.

Tulipokuwa tunarudi kwangu mjini, kazi tumeikosa, nilianza kusema kuhusu kidole, kwamba tungekata rufaa, tungeleta cheti cha daktari. Mpwa wangu aliniambia nisimamishe pikipiki. Alishuka.

"Mjomba, hata kwa mkono mzima nisingeweza. Sikujua kama zinatakiwa mbili."

"Hata kwa kukisia?"

"Ningekisia nini? Kila likizo nilikuomba nishuke nawe kisimani. Ulisemaje?"

Nilikumbuka vizuri nilivyosema. Nilisema, "Wewe soma. Spana ni yangu." Nilisema mikono ya msomi haichafuki. Wakati mmoja alichukua spana mwenyewe, akaingia kwenye shimo, nami nikamvuta nje kwa ukosi wa shati mbele ya wanakijiji, nikamrudisha kwenye kitabu. Nilijivunia jambo lile kwa miaka. Nilikuwa nimemlinda dhidi ya kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa.

Kaka alilazwa siku tisa. Mfupa wa bega ulipasuka sehemu mbili. Polisi walipouliza alisema ameangukiwa na mgomba, na mwanawe akasema ameungua jikoni akisaidia kupika, jambo ambalo hakuna mtu Kitahana aliyeliamini hata kidogo, maana kijana yule hajawahi kupika. Hawakutuficha kwa upendo. Deni la ng'ombe halipelekwi kwa serikali. Wazee walikaa, wakaamua kwamba kaka asimguse tena dada, na kwamba mtu aliyekunywa kwanza, yaani mimi, ndiye wa kudaiwa. Lakini hawakuweka siku. Ilitosha, walisema, kijana aendelee kuwa mtu wa kaka mpaka deni litakapolipwa.

Nilimchukua mpwa wangu kazini kwangu. Kidole kilipoanza kukunjika tulikwenda kufufua kisima kirefu huko Rungwe Mpya. Alijifunza haraka, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Siku ya nne tulikuwa tunapandisha fimbo, kumi na sita zimeunganishwa, kazi yake ilikuwa kuzishika wakati nabadilisha kibanio. Kidole kilimwishia nguvu. Fimbo zilimponyoka zikashuka kwenye bomba zikilia, chuma juu ya chuma, kwa muda mrefu, hadi chini.

Nilimpiga kofi, kisha la pili. Nilimpiga mbele ya akina mama waliokuja na madumu, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ng'ombe watatu! Ng'ombe watatu tumekutupia wewe!"

Hakujikinga. Alinitazama kwa macho yaleyale aliyomtazama nayo binamu yake kabla fimbo haijashuka: macho ya mtu anayejua zamu yake imefika na anasubiri iishe. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiha, kwamba yule mzee anampiga mchunga ng'ombe wake.

Ilituchukua siku mbili kuzivua fimbo kwa ndoano. Katika siku hizo mbili sikuweza kumtazama usoni. Niliona kwamba kaka hakuwa amekosea kuhusu sheria, wala mimi sikuwa na tofauti naye isipokuwa spana yangu badala ya fimbo yao. Kama ng'ombe wale wangeendelea kuwa kati yetu, kila kosa la kijana lingekuwa la mtamba tasa, na kila mkono ungekuwa halali kumpiga, wangu wa kwanza. Mtu hawezi kujifunza kazi akiwa deni.

Nilirudi mjini nikauza pikipiki, kamba za kuinulia, na mashine ya kuchomelea. Spana nilibaki nazo. Nilikwenda Kitahana kwa miguu kutoka barabarani, peke yangu, nikamkuta kaka amekaa mlangoni, mkono mmoja umefungwa shingoni. Tulisalimiana salamu zote, ndefu kama ilivyo kwetu, kuhusu watoto, mvua na mifugo, bila kuruka hata moja. Kisha nikaweka fedha juu ya kigoda mbele ya wazee wawili. Alizihesabu kwa mkono mmoja, akakosea, akaanza upya. Nilitaka kumsaidia akanikatalia.

"Si mtu wangu tena?" aliuliza alipomaliza.

"Si mtu wa yeyote."

"Na wewe utapanda nini kwenda visimani?"

"Baiskeli."

Alicheka kidogo, bega likamuuma, akaacha.

Jioni nililifungua lile daftari la mshahara na faida, nikaandika gharama. Mitamba watatu kwa bei ya sasa, milioni mbili na laki moja. Ndama watatu, milioni moja na elfu hamsini. Matibabu ya bega la kaka, laki moja na elfu themanini na tano. Ya kidole cha kijana, elfu sitini. Jumla, shilingi milioni tatu, laki tatu na elfu tisini na tano.